Askari wa Msafara: Sidi Mubarak Bombay na Kazi ya Ulinzi

Hakuna chuo kilichopata kujengwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kuwafundisha watu kumlinda msafiri. Hata hivyo karne ya 19 ilikuwa na watu wengi walioishi kwa kazi hiyo. Waliitwa askari wa msafara. Mpagazi alichukua mzigo. Kirangozi alitangulia na kushika njia. Askari alichukua bunduki, akawachunga wapagazi wasitoroke, akakesha usiku, akatumwa mbele kupatana juu ya hongo, na ilipobidi akasimama kati ya bwana wake na mkuki. Mabwana waliandika vitabu. Walinzi hawakuandika, na habari zao hupatikana kwa sehemu kubwa katika maneno ya wale waliolindwa, ambao mara nyingi walikuwa wagonjwa, wachovu na wenye hasira.

Katika watu hao ajulikanaye zaidi ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika Wayao, karibu na mwaka 1820. Alipokuwa mtoto, wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamewakopesha watu wa kijiji chake nguo walirudi na bunduki kudai deni lao. Deni lililipwa kwa watu. Mtoto alipelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, akavushwa bahari mpaka India, na huko akatumika miaka mingi hata bwana wake akafa na yeye akawa huru. Jina la Bombay ni ukumbusho wa safari hiyo, na Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaitia watu wa asili ya Afrika. Alirudi Unguja akaandikwa katika jeshi la Sultani, akawekwa pamoja na Wabulushi katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani.

Hapo ndipo Richard Burton na John Hanning Speke walipomkuta mwezi wa Februari 1857. Walipendezwa na bidii yake, wakamshawishi aache ngome awafuate. Yafaa kuuliza walimchagua kwa ujuzi gani. Si kwa shabaha, maana askari wenye bunduki hawakukosekana. Bombay alijua Kihindustani, na Speke, ofisa wa jeshi la India asiyejua Kiarabu wala Kiswahili, hakuwa na lugha nyingine ya kusema na watu wa msafara. Kwa hiyo kila neno la hatari, la njaa au la fitina lililomfikia Speke lilipita kwanza katika kinywa cha Bombay. Utumwa ulikuwa umempa, kwa bei mbaya sana, elimu ambayo hakuna kambi ya jeshi iliyoweza kuitoa.

Thamani ya elimu hiyo ilipimwa katika safari ya pili, iliyoanza mwaka 1860. Gavana wa Cape alimpa Speke askari 10 waliokwisha kufunzwa katika jeshi la wapanda farasi la huko. Kwa gwaride hawakuwa na mfano katika msafara wote. Lakini homa iliwashika, mmoja akafa, na waliosalia wakarudishwa pwani kundi baada ya kundi. Waliofika Gondokoro mwaka 1863, na baadaye Misri, walikuwa watu wa Unguja, Bombay akiwa mmoja wao. Waingereza wakawaita Waaminifu, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa Bombay nishani ya fedha.

Neno hilo Waaminifu lastahili kutazamwa kwa uangalifu. Siku moja wakati wa safari hiyo Speke na Bombay walibishana juu ya amri, na Speke akampiga ngumi za kichwa. Bombay alikwenda zake akivuja damu, akasema hatumiki tena. Speke akamtaka Nasib, mtu mwenye heshima katika msafara, ashike cheo hicho. Nasib akakataa, akawapatanisha. Miaka kadhaa baadaye Stanley aliona pengo katika meno ya juu ya Bombay akaandika kuwa ni kazi ya ngumi ya Speke. Uaminifu wa mtu wa namna hii haukuwa utii wa mbwa kwa mchungaji. Ulikuwa mapatano, na wenzake walijua mpaka wake ulipo.

Mwaka 1871 mapatano hayo yaonekana wazi kwa hesabu. Henry Morton Stanley alimwajiri Bombay kuwa kapteni wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, nusu ikitangulizwa, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Waaminifu wengine watano walipewa dola 40. Bombay akatumwa kuandika wengine 18, kila mmoja kwa dola 36, na kila askari akapata bunduki ya gumegume, pembe ya baruti, mfuko wa risasi, kisu na shoka, na baruti na risasi za kutosha mara 200. Basi huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi kwa kijana wa Unguja: kujulikana na Bombay, au kujulikana na mtu anayejulikana naye. Mafunzo yalikuwa njiani.

Na njia haikuhurumia. Mwaka huo huo Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, vita ambavyo askari hawakuviandikiwa. Baadhi yao waliuawa, akiwamo Uledi aliyepata kumtumikia Grant. Miezi michache baadaye, karibu na mto Gombe, watu waliochoka walimwelekezea Stanley bunduki zile zile alizowapa, na mmoja wa wenzao akausukuma mtutu kando. Kisa hicho kidogo chafundisha mengi juu ya ulinzi kuliko vita nzima vya Mirambo, kwa kuwa mlinzi na adui walikuwa wamekula posho moja.

Bombay alisafiri tena na Verney Lovett Cameron kuanzia 1873, wakatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Mwaka uliofuata shirika la London lilimwekea malipo ya uzeeni. Alikufa Oktoba 1885. Miezi miwili kabla yake manowari za Wajerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani Barghash, na mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta pwani askari wa namna nyingine, Wasudani walioandikwa Misri na watu kutoka Msumbiji, waliolipwa na serikali na kuamriwa kwa Kijerumani.