Ukungu chini ya godoro: unatoka wapi, na jinsi ya kuuzuia

Katika ziara za nyumba kwa nyumba tunazofanya pamoja na washemasi na wamama wa kanisa, kuna jambo tunaloliona kila msimu wa mvua. Tunaingia chumbani kumwombea mgonjwa, mara nyingi mtoto anayekohoa, na kabla hatujaketi tunasikia harufu ya uvundo. Tukiomba ruhusa kuinua godoro, tunakuta madoa meusi au ya kijani upande wa chini, na vibao vya kitanda vina unyevu kama vilioshwa asubuhi ile. Mama wa nyumba anaona aibu. Jirani anasema ni uchafu. Tumesikia hata wanaosema kwamba nyumba imetupiwa kitu.

Ukungu huo hauletwi na uchawi, na mara nyingi hauletwi na uvivu pia. Unaletwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Mtu akijua maji hayo yametoka wapi, anaweza kuyafungulia njia, na kwa kawaida kazi hiyo inataka mikono kuliko pesa.

Maji yanatoka wapi

Maji ya kwanza ni yetu wenyewe. Mtu anapolala, mwili wake unatoa maji kwa jasho na kwa pumzi, kiasi cha glasi moja kwa usiku, hata kama haoni jasho lolote. Wakilala watoto watatu kwenye kitanda kimoja, hesabu inaongezeka. Sehemu ya maji hayo inapita kwenye shuka na kuingia ndani ya sponji.

Maji ya pili ni ya hewa ya chumba: mvuke wa kupika, nguo mbichi zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kunanyesha, na pumzi za watu wengi katika chumba kilichofungwa. Maji ya tatu ni ya nyumba yenyewe: bati linalovuja, ukuta wa udongo unaonyonya maji ya mvua, sakafu isiyo na simenti ya kutosha.

Kwa nini ukungu unatokea chini na si juu? Upande wa juu wa godoro una joto la mwili, na mchana unapata hewa. Upande wa chini ni wa baridi. Mvuke wenye joto ukishuka ukakutana na ubao wa baridi, unageuka kuwa matone, kama vile maji yanavyoonekana chini ya kifuniko cha sufuria. Mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali. Zikipata unyevu, giza na hewa isiyotembea, zinaota kwa siku chache tu.

Ndiyo maana ndugu zetu wa Bukavu na wa milimani wanasumbuka zaidi. Mji wa Bukavu uko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, usiku ni wa baridi, na mvua zinaanza Septemba mpaka Mei. Walio Uvira, kando ya Tanganyika, wana joto, lakini nao wanatoa jasho jingi. Kila mahali pana unyevu wake.

Kujua kama ni ardhi au ni hewa

Kabla ya kutumia pesa, tufanye jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa kama viganja viwili, kibandike sakafuni chini ya kitanda, au ukutani karibu na kichwa cha kitanda. Kingo zake zote zibandikwe vizuri kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na sakafu, maji yanatoka ardhini au ukutani. Ukikuta matone upande wa nje, maji ni ya hewa ya chumbani.

Kama ni ardhi, kazi kubwa iko nje: kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi, kuondoa udongo uliorundikana kwenye ukuta, kurefusha ukingo wa paa ili mvua isipige ukuta. Kupaka ukuta chokaa kunasaidia pia, kwa sababu ukungu hauipendi chokaa. Kama ni hewa, kazi iko kwenye dirisha na kwenye kitanda.

Kitanda chenyewe

Kitanda cha vibao ni kizuri kuliko cha ubao mzima, kwa sababu godoro linapumua kupitia nafasi zilizo kati ya vibao. Lakini tumeona vitanda vingi ambavyo fundi, kwa kutaka viwe imara, amebananisha vibao mpaka hewa haipiti. Wengine wanatandika katoni au nailoni juu ya vibao ili sponji isichakae. Hapo faida ya vibao imepotea.

Mambo ya kumwambia fundi, au kurekebisha wenyewe, ni haya:

- Nafasi kati ya kibao na kibao iwe vidole vitatu au vinne. Ikizidi sana, sponji inazama na kukatika.
- Vibao vikaushwe kabisa kabla ya kupigiliwa. Mbao mbichi inaleta unyevu wake yenyewe.
- Kitanda kiinuke kutoka sakafuni angalau urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha za vidole, na zaidi kama inawezekana.
- Kitanda kisiguse ukuta wa nje. Nafasi ya kiganja kimoja inatosha kupitisha hewa.

Tunajua nyumba zetu ni ndogo, na chini ya kitanda ndiko ghala letu: masanduku, gunia la maharagwe, bidoni za maji. Hatusemi viondoke vyote. Tuviweke juu ya vipande vya mbao, tusivijaze mpaka vikaguse vibao, tufunge bidoni vizuri, na tuache njia ya hewa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Nailoni ya dukani

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Familia nyingi zinanunua godoro kwa jasho la miezi mingi, na ili lisichakae zinaliacha ndani ya nailoni yake. Nia ni njema, lakini nailoni ndiyo inayoliua. Inazuia maji ya nje yasiingie, na inazuia ya ndani yasitoke.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Katika chumba cha wageni cha parokia moja tulipanga magodoro sita, yote na nailoni zake, yakiegemea ukuta wa nyuma. Tulifunga mlango Oktoba, tukafungua wakati wa kuandaa mkutano wa Pasaka. Manne yalikuwa yameharibika upande wa ukuta. Yalikuwa yamenunuliwa kwa sadaka za watu wasio na godoro zuri kwao, na ilitubidi kusimama mbele ya kanisa kuwaeleza.

Basi nailoni iondolewe siku ile ile godoro linapofika, na mahali pake pashonwe mfuko wa kitambaa cha pamba, wa kuvuliwa na kufuliwa. Kama kuna mtoto anayekojoa kitandani, kipande cha plastiki kiwekwe mahali pale tu anapolala, chini ya shuka, na kitolewe kila asubuhi, kioshwe na kukaushwa.

Asubuhi, wiki, mwezi

Wengi tulifundishwa kutandika kitanda mara tu tunapoamka, na ni adabu nzuri. Lakini kutandika mara moja kunafungia ndani unyevu wa usiku. Tuanze hivi:

Kila asubuhi, tufunue blanketi, tufungue dirisha, na tuinue godoro lisimame kwa ubavu kwa nusu saa, wakati watu wanajitayarisha kwa kazi na shule. Kama ni zito, kuinua upande mmoja na kuweka kigoda chini yake kunatosha. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro kichomolewe kwanza.

Kila wiki, tufute vibao kwa kitambaa kikavu na tugeuze godoro, la juu liwe chini.

Kila mwezi, tulitoe juani, juu ya meza au kamba imara, si juu ya majani. Saa mbili kila upande zinatosha; jua kali la siku nyingi linafanya sponji iwe ya manjano na ivunjike kama unga. Lirudishwe ndani kabla ya umande wa jioni. Wakati wa mvua, tusingoje tarehe: jua likitoka tulitumie. Lakini chandarua chenye dawa kikifuliwa, kikaushwe kivulini, maana jua linapunguza nguvu ya dawa.

Watu wanatuuliza juu ya kuweka makala chini ya kitanda. Yanapunguza harufu kidogo. Hayawezi kukausha chumba.

Wanaolala chini

Katika miaka hii ya vita, makanisa yetu na madarasa yetu yamepokea ndugu wengi waliokimbia, na wengi wanalala sakafuni. Hema la plastiki likitandikwa chini linazuia maji ya ardhi, lakini jasho linabaki juu yake, na godoro linalowa kutoka chini. Tuweke mkeka wa matete, majani makavu au vipande vya mbao kati ya plastiki na godoro. Kila asubuhi magodoro yasimamishwe ukutani na madirisha yafunguliwe. Parokia inayoweza kupata mbao za masanduku ya mizigo ifanye majukwaa mafupi, na iwape kwanza wazee, wagonjwa na wamama wenye watoto wachanga.

Ukungu ukiisha kuingia

Toa godoro na vibao nje, mbali na watoto. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Funga pua na mdomo kwa kitambaa. Vibao visuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, visuuzwe, vianikwe mpaka vikauke kabisa, hata kama ni siku mbili. Mfuko wa godoro ufuliwe kwa maji ya moto. Kama madoa yako kwenye mfuko tu, godoro linaweza kuokolewa kwa jua na hewa. Kama ukungu umeingia ndani ya sponji, kuufuta juu hakusaidii. Kata sehemu hiyo, au godoro liache kutumika. Godoro la majani ni rahisi: toa majani yote, ufue mfuko, jaza mapya yaliyokauka.

Hatari tatu tuziepuke:

1. Javel isichanganywe kamwe na siki au dawa nyingine ya usafi. Inatoa gesi inayochoma mapafu.
2. Sponji isichomwe moto karibu na nyumba, wala isitumiwe kuwashia makaa jikoni. Moshi wake una sumu.
3. Mbabula isiingizwe chumbani usiku ili kukausha hewa. Gesi ya makaa haina harufu, na watu wanalala wasiamke. Afadhali godoro lenye unyevu kuliko familia iliyokufa.

Kikohozi

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Linaeleza kwamba wanaoishi humo wanapata zaidi kikohozi, pumu na shida ya kupumua. Tukimkuta mtoto anayekohoa usiku na kupata nafuu mchana akiwa nje, tuangalie kitanda chake. Lakini tusifanye godoro kuwa jibu la kila kitu. Mwenye kikohozi kinachozidi wiki mbili aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Mtoto anayepumua kwa shida apelekwe siku hiyo hiyo. Maombi yetu yamsindikize njiani, yasimzuie kwenda.

Kuhani na nyumba yenye madoa

Katika Walawi 14 kuna sheria juu ya nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani. Tuangalie kuhani anavyofanya. Anaagiza vyombo vitolewe kwanza, kabla hajaingia, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Anaangalia ukuta. Anafunga nyumba siku saba, anarudi kuangalia tena. Mawe mabaya yanatolewa, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mpya. Nyumba inabomolewa pale tu madoa yanaporudi baada ya kazi hiyo yote. Katika sura hiyo, hakuna mahali anapoambiwa amtafute jirani wa kulaumu.

Hiyo ni huduma nzuri kwa washemasi wetu. Tukiingia nyumba yenye uvundo, tusizibe pua mbele ya mama wa nyumba. Tumsaidie kutoa godoro nje, tuangalie vibao pamoja, tupime ukuta kwa nailoni, na juma lifuatalo turudi kuona. Vijana wa parokia wanaweza kuchimba mfereji wa mjane kwa Jumamosi moja. Juni inakuja na jua lake: kila shina la kanisa lichague siku moja ya kutoa magodoro yote nje, kuanzia ya wazee wasioweza kuyainua wenyewe.

Bwana abariki nyumba zenu na usingizi wa watoto wenu.