Dinosaria wa Chrome
Mchezo mwepesi wa kompyuta na simu uliomo ndani ya kivinjari cha Google Chrome tangu 2014. Hujitokeza intaneti inapokatika, hivyo huchezeka hata bando likiisha, iwe Kitulo kwenye baridi au stendi ya Makambako, nchini Tanzania. Ukigusa skrini au kubonyeza kitufe cha nafasi, dinosaria aina ya Tyrannosaurus rex huanza kukimbia jangwani akiruka mipungate. Baadaye huja watambaazi wenye mabawa, na mwendo huzidi kasi. Mwaka 2018 Google ilisema mchezo huu huchezwa mara milioni 270 kwa mwezi, hasa penye intaneti ghali au ya kusuasua. Michezo mingi hudai kupakuliwa kwanza. Huu haudai chochote, na hiyo ndiyo heshima yake kubwa.