Kipimo cha Kiingereza na Mahali pa Kumweka Mwanafunzi

Apimaye mchele hupima ili ajue maji ya kutia chunguni. Kipimo kisichofuatwa na tendo ni kazi bure. Katika insha hii fupi nakusudia kuonyesha ya kwamba shule zetu za sekondari zimekipima Kiingereza mara nyingi kwa namna hiyo. Na mfano nautwaa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ambako hamu ya elimu ni ya siku nyingi.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, walioingia huko mwaka 1893, walikitumia Kichaga katika kufundisha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwa hiyo kijana wa mlimani aingiapo Kidato cha Kwanza hutakiwa kujifunza hesabu na sayansi kwa lugha ambayo mara nyingi kwake ni ya tatu, naye hapo nyuma aliisoma kama somo tu.

Waliofaulu mlimani walizidi nafasi za serikali. Makanisa na wazazi wakajenga shule zao, hata Kilimanjaro ikawa mbele ya mikoa mingine kwa wingi wa sekondari za binafsi. Lakini swali kubwa mlangoni lilikuwa: nani aingie? Swali la pili, yaani aliyeingia aanzie wapi, lilipewa nafasi ndogo.

Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985, serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania kwa vifungu vya habari vilivyoachwa nafasi za kujazwa maneno. Waliona ya kuwa katika Kidato cha Nne kiasi cha mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyefikia kiwango cha kuanza kusoma kwa Kiingereza. Hata hivyo walishauri Kiingereza kiendelee, na ukafuata mradi wa kukitia nguvu. Mchele ulipimwa, maji yakatiwa yale yale.

Leo mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiingereza hukaa dawati moja na aliyesoma kwa Kiswahili. Wote hupewa kitabu kimoja. Yupo atakayesema kuwa kuwagawa kwa viwango ni kuwaaibisha walio chini. Hoja hiyo ina uzito, kama mgawo ni wa kudumu na wa masomo yote. Bali ukiwa wa vipindi vya Kiingereza peke yake, na kila muhula mwanafunzi akapimwa tena na kupandishwa, aibu iko wapi? Aibu kubwa zaidi ni kijana mwenye akili ya hesabu kuitwa mjinga kwa sababu hakulielewa swali.

Alama ndogo ya Kiingereza ni habari ya lugha, si habari ya akili. Mwalimu aisome kwanza, ndipo afungue kitabu.