Crowd2Map Tanzania

Crowd2Map Tanzania ni mradi wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 2015 na Janet Chapman kwa ajili ya kuchora ramani za vijijini nchini Tanzania. Ramani hizo huingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila malipo.

Mradi unajulikana hasa kwa kazi yake mkoani Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti baadhi ya jamii, wakiwemo Wakurya, bado hukeketa wasichana, hasa mwezi Desemba shule zinapofungwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Baadhi ya wanaotoroka hupata hifadhi mjini Mugumu katika nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Kumwokoa msichana usiku ni kazi ngumu ikiwa kijiji chake hakimo katika ramani yoyote.

Wachangiaji kutoka nchi mbalimbali hufuatisha barabara na nyumba juu ya picha za satelaiti. Lakini picha hazionyeshi majina: kitongoji, shule, zahanati na maduka hutajwa na wenyeji wenyewe kwa kutumia simu zao. Kwa kuwa data ni huria, huweza kupakuliwa mapema na kuonyesha njia hata mahali pasipo na mtandao.