Mifupa ya Yusufu na Miamba ya Wusi

Mtakumbuka kwamba Musa alipotoka Misri alichukua mifupa ya Yusufu, kwa kuwa yule mzee aliwaapisha watu wake wasimwache ugenini. Kila nikisoma habari hiyo, mimi Mtaita mawazo yangu hupanda nyumbani Wusi, kule milimani juu ya Mwatate.

Wazee wetu hawakumwacha marehemu kaburini daima. Baada ya mwaka au zaidi walifukua fuvu lake, wakalisafisha, wakaliweka chini ya mwamba pamoja na mafuvu ya ukoo wake. Wageni wengi waliona ushenzi mtupu. Lakini mwenyeji alisimama hapo akahesabu baba, babu na babu wa babu. Kile kilikuwa kitabu chetu.

Injili ilifika Taita mwaka 1883, J. A. Wray wa CMS alipopanda mlima wa Sagalla, karibu na Voi. Mwaka uliofuata mvua ikakosekana, njaa ikaua watu, na wako waliomshuku mgeni kuwa ndiye anayeizuia mvua. Basi huo ndio mwanzo wetu, wala haukuwa mtamu. Wakatoliki walifika Bura mwaka 1892. Reli ilipokwisha kupita Voi, CMS nao walijenga huku Dabida: Mbale kwanza, kisha Wusi, alikofanya kazi Mchungaji V. V. Verbi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili halisemwi sana kanisani. Kiini cha dini ya wazee kilikuwa kutasa. Mzee alijaza kinywa pombe au maji ya miwa, akayatema kama manyunyu, huku akitamka kwamba hasira imemtoka moyoni na kuomba amani kwa watoto, mifugo na shamba. Akaja kijana aliyejifunza kusoma misheni, akakataa kushiriki. Yeye aliona anakataa pombe na mizimu. Baba yake aliona mwana amekataa kuiachilia hasira. Na kwa baba huyo hakuna hatari iliyozidi hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu wa nyumbani! Kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa akilinda jambo jema, ila hapakuwa na wa kuwafasiria. Nyumba zikagawanyika, huyu akala peke yake, yule akafa bila kusemezana na mwanawe.

Shida ya ardhi ndiyo iliyowakutanisha tena baadhi yao. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamechukua nchi ya chini, na waliosoma wakasimama na wasiosoma katika chama cha Taita Hills Association. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku mwaka 1940.

Mwaka 1993 tulipata Dayosisi yetu wenyewe ya Taita Taveta. Kwa miaka mingi kabla ya hapo kitabu cha ubatizo kilikuwa kimechukua kazi ya mwamba. Kifunueni siku moja, ndugu zangu. Kwanza mtaona jina la kizungu la mbatizwa, Yohana au Stefano. Kisha angalieni safu ya baba. Humo limeandikwa jina la Kitaita, bila jingine, la mzee ambaye hakuingia kanisani hata siku moja.