Wito na Maji Safi: Historia Fupi ya Uuguzi wa Mgonjwa wa Upasuaji

Utangulizi

Msamaria wa Luka 10 hutajwa mara nyingi katika mahubiri yetu kwa ajili ya huruma yake. Ni mara chache tunapoangalia kazi ya mikono yake. Alimimina mafuta na divai katika jeraha, akalifunga, akamsafirisha majeruhi hadi nyumba ya wageni, akamtunza. Na siku ya pili akamkabidhi kwa mwenye nyumba pamoja na fedha, maagizo na ahadi ya kurudi. Hayo yote ni uuguzi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia ya uuguzi wa mgonjwa wa upasuaji ni historia ya huruma iliyolazimika kujifunza kazi, na kwamba katika shule hiyo Kanisa lilikuwa mwalimu na mwanafunzi pia.

Kaiserswerth, 1836

Theodor Fliedner alikuwa mchungaji wa usharika mdogo na maskini wa Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, nchini Ujerumani. Alipokwenda Uholanzi na Uingereza kuutafutia usharika wake fedha, aliona huduma mbalimbali za Wakristo kwa maskini na wafungwa. Mwaka 1836, yeye na mkewe Friederike walifungua hospitali na nyumba ya kuwafundisha mashemasi wa kike, yaani madiakonisa. Wa kwanza alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa tabibu. Fliedner alikumbuka kwamba Paulo anamtaja Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea (Rum. 16:1), naye akaona kwamba Kanisa la Kiinjili limeiacha huduma hiyo kwa muda mrefu.

Jambo hili halikuwa dogo. Katika miji mingi ya Ulaya wakati huo, kuuguza hospitalini kulikuwa kazi ya wale waliokosa kazi nyingine. Kaiserswerth iliwapa wanawake mafundisho, vazi, makao na heshima. Mwaka 1849 Fliedner alifika Pittsburgh, Marekani, akiwa na madiakonisa wanne, kwa mwaliko wa mchungaji Mlutheri William Passavant. Na mwaka 1851 aliwapeleka wengine Yerusalemu.

Ushuhuda wa Florence Nightingale

Mwingereza Florence Nightingale alifika Kaiserswerth mwaka 1850, akarudi mwaka 1851 na kukaa takriban miezi mitatu. Alihudumu wodini, na alikuwapo mgonjwa alipokatwa kiungo. Aliandika kijitabu cha kuisifu nyumba hiyo. Lakini mwaka 1897, akiwa mzee, alitoa ushuhuda mkali zaidi: uuguzi wa pale ulikuwa si kitu, na usafi wake ulikuwa wa kutisha, hata hivyo hakupata kuona mahali pengine moyo wa kujitoa uliokuwa safi kuliko ule.

Hatuna budi kuutafakari ushuhuda huo bila kujitetea. Sala ilikuwapo, na upendo ulikuwapo; maarifa yalipungua. Nightingale mwenyewe alilipitia somo hilo. Novemba 1854 alifika Scutari, karibu na Istanbul, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Chakula, nguo na utaratibu viliboreshwa, lakini askari walizidi kufa majira yale ya baridi, wengi wao kwa magonjwa na si kwa majeraha. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya afya, iliyofika Machi 1855, kuzibua mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa safi. Baadaye Nightingale alifundisha kwamba sharti la kwanza la hospitali ni kutomdhuru mgonjwa. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London mwaka 1860.

Kisu, usingizi na usaha

Wakati huohuo upasuaji wenyewe ulikuwa unabadilika. Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alionyesha hadharani jinsi mvuke wa etha unavyoweza kumlaza mgonjwa asisikie kisu. Madaktari wakathubutu kupasua zaidi na kwa kina zaidi. Lakini vidonda viliendelea kuoza. Mwaka 1847, huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika akina mama wazazi. Vifo vilipungua, lakini wenzake wengi hawakumsikiliza.

Mwaka 1865, mjini Glasgow, Joseph Lister alitia asidi ya kaboliki katika jeraha la mvulana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, naye akapona. Kabla ya njia hiyo, kati ya wagonjwa 35 waliokatwa viungo katika wodi yake, 16 walikufa. Baada yake, kati ya 40 walikufa 6. Tangu hapo muuguzi akawa mlinzi wa mpaka usioonekana kwa macho, kati ya kilicho safi na kisicho safi. Hata glovu za mpira zilianza kutumika katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, karibu mwaka 1890, kwa sababu dawa za kuua vijidudu ziliidhuru mikono ya muuguzi Caroline Hampton.

Misingi iliyobaki

Kutokana na historia hiyo, uuguzi wa upasuaji umejengwa katika nyakati tatu. Kabla ya upasuaji, mgonjwa huelezwa, hukubali kwa hiari yake, hufunga kula, na jina lake huhakikishwa. Wakati wa upasuaji, vifaa hutakaswa, na vitambaa na sindano huhesabiwa ili kisisahaulike kitu mwilini. Baada ya upasuaji, muuguzi huangalia pumzi, mapigo ya moyo, damu na maumivu. Humsaidia mgonjwa kuvuta pumzi kwa nguvu na kuinuka mapema, ili mapafu yasijae na damu isigande miguuni.

Hata katika nchi yetu somo hili limethibitishwa. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti kabla na baada ya kupasua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Hapakuhitajika mashine mpya ya ajabu. Watu walitakiwa kuulizana, kusikilizana na kuhesabu pamoja.

Hitimisho

Kanisa letu hulipenda neno "wito", na ni haki kulipenda. Lakini wito umetumiwa mara kadhaa kufunika upungufu: bomba halitoi maji, sabuni imekwisha, muuguzi mmoja anaikesha wodi nzima, na sisi tunamsifu kwa kujitoa kwake. Kufanya hivyo ni kurudia kosa la Kaiserswerth bila udhuru wa Kaiserswerth, kwa maana wao hawakujua habari za vijidudu, nasi tunajua.

Basi mchungaji aketiye katika bodi ya hospitali aulize habari za maji kabla ya habari za jengo jipya. Mwanafunzi wa theolojia aendaye kumwombea mgonjwa aliyepasuliwa anawe mikono kwanza, wala asidhani kwamba kunawa ni jambo lililo nje ya huduma yake. Msamaria hakumwachia majeruhi huruma peke yake. Alimwachia pia dinari mbili, na mtu wa kumwangalia.