Pete Iliyoanguka Mukuku

Nilikuwa nyumbani Ikutha kwa likizo ya Krismasi simu zilipoanza kulia. Alasiri ya Jumatatu, 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilikuwa imeanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Picha zikatufikia: watu wameizunguka, wengine bado hawaamini. Upana wake ni kama mita 2.5, uzito karibu kilo 500.

WhatsApp ikajaa wataalamu. Mara ni bomu, mara ni mwisho wa dunia. Nyanya yangu aliitazama picha, akauliza swali moja tu: "Na kama ingeangukia boma, nani angelipa?"

Siku ya Mwaka Mpya, Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilieleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa roketi ni nini hasa.

Tulidhani roketi ni bomba nene la chuma. La. Fundi yeyote wa jua kali pale sokoni Ikutha angeielewa haraka: unachomelea fremu kwanza, mabati yanafuata. Mafundi wa majahazi kule Lamu nao wana neno lake, mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia mbao za chombo. Ndege na roketi nyingi ziko hivyo hivyo. Ngozi ni nyembamba ili chombo kiwe chepesi, na ndani kuna pete na mbavu zinazobeba mzigo. Pale sehemu mbili za roketi zinapoungana huwekwa pete imara. Mafuta ya sehemu ya chini yakiisha, kiungo kinaachia, sehemu hiyo inatupwa, safari inaendelea.

Kwa kawaida vitu hivi hutarajiwa kuungua vikirudi kwenye hewa, au kuanguka baharini. Lakini aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, titaniamu kwenye zaidi ya 1,600. Kipande kinene na kigumu kinaweza kufika chini kizima.

Na tusijifanye wageni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili baada ya uhuru wetu, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa na hatua nne, moja juu ya nyingine. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu.

Sasa swali la nyanya. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara kitakayosababisha ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, ilipoangukia Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Lakini Kanada ilijua chombo ni cha nani. Hii yetu ilikuja bila anwani. Ndiyo maana wanasayansi kuichukua na kuichunguza ni jambo kubwa kuliko udaku wa mtandaoni: bila jina la mwenye mali, sheria ipo lakini huna wa kumdai.

Nilimweleza nyanya haya yote. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mbuzi wangu akila mahindi ya jirani, mimi najulikana. Wao je?"